Tuliuza Boti, Boya Likabaki Letu

Simu ililia alasiri nikiwa nakanda unga wa mahamri, mikono yote miwili imo kwenye beseni. Zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani ya 2024 iandame. Binti yangu akanishikia simu sikioni. Sauti ya mwanamke, ya adabu, ikaniuliza kama ni mimi mke wa mwenye boti ya Tawakali. Nikamwambia boti hiyo tuliiuza mwaka jana. Akanyamaza. Nikasikia karatasi zikifunguliwa upande wa pili, kisha akasema: "Samahani mama, lakini huku kwetu bado ni yenu. Na kodi ya boya haijalipwa miezi kumi na mmoja."

Nilimaliza kukanda kwanza, maana hamira haimngoji mtu. Nilipofungua WhatsApp nikakuta picha ya bili. Boya ni shilingi 8,500 kwa mwezi, na VAT ya asilimia 16 juu yake, inakuwa 9,860. Mara miezi kumi na mmoja, Aprili 2023 hadi Februari 2024: 108,460. Chini yake mstari mwingine, kufua maji mara 14, shilingi 500 kila mara: 7,000. Jumla 115,460. Niliisoma hesabu hiyo mara tatu, unga wa vidole vyangu ukabaki kwenye kioo cha simu.

Nieleze tulivyofika hapo, kwa sababu najua nyumba nyingi za pwani zenye chombo majini, na najua hesabu kama hii inaweza kubisha hodi katika yoyote kati yao.

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa mahoteli. Alipostaafu mwaka 2014 alichukua sehemu ya kiinua mgongo akanunua boti ya faibaglasi ya futi 23, mashine mbili nyuma, akaiita Tawakali. Kaskazi ikivuma na bahari ikiwa ya wema alitoka na wageni nje ya mwamba kutafuta nguru, kolekole na jodari, na siku za bahati sulisuli. Kusi ikiingia boti ilipumzika kwenye mlango wa bahari wa Mtwapa, imefungwa kwenye boya la yadi moja ya maboti. Kwa miaka tisa boti ile ilitulisha. Haikututajirisha, ila ilimsomesha kijana wetu mkubwa mpaka chuo, na hilo silisahau.

Wasiojua bahari hudhani boti huegeshwa kama gari. Huku kwetu gati za kuegesha boti moja moja ni chache. Nyingi hulala majini kwenye maboya. Chini kabisa, topeni, kuna donge kubwa la saruji. Kutoka kwenye donge hutoka mnyororo mzito, juu ya mnyororo boya, na kutoka kwenye boya kamba inayokamata omo ya boti. Maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, kwa hiyo boti huzunguka boya lake mchana na usiku, mnyororo unasuguana na tope na chumvi, na chuma huliwa. Mzamiaji lazima ashuke kuukagua. Kuna mlinzi wa usiku, kuna kihori cha kumpeleka mwenye boti na kumrudisha. Hivyo ndivyo unavyolipia kila mwezi. Hata ukae mwaka mzima hujaigusa boti, boya linafanya kazi yake.

Mwanzoni mwa 2023 goti la mume wangu lilikataa. Kuruka kutoka kihorini kuingia botini kukawa ni kilio. Tukakubaliana tuiuze kabla ya Ramadhani, na katikati ya Machi akapatikana mnunuzi, kijana wa bara, mkandarasi wa ujenzi, mtu wa maneno machache na heshima nyingi. Alikaa kwenye sofa letu, akala viazi vya karai, akapatana na mume wangu bila kelele. Shilingi 950,000, kwa benki, siku ileile. Mwanangu aliandika karatasi ya mauziano: boti, mashine mbili, nanga na kamba yake, jaketi nane za kujiokolea. Nakala za vitambulisho, mashahidi wawili, sahihi. Wiki iliyofuata wakaenda pamoja ofisi za Kenya Maritime Authority kubadilisha jina kwenye usajili. Mume wangu alirudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyemwoza binti kwa watu wema.

Kwenye karatasi ile halikuandikwa hata neno moja la boya.

Na neno lililosemwa, lilisemwa mlangoni, viatu vinavaliwa. Nililisikia kwa masikio yangu. Mnunuzi alitaka kuipeleka boti Diani, lakini kusi ilikuwa inakaribia na hakuwa na nahodha. Mume wangu akamwambia, "Iache tu palepale mpaka bahari itulie. Haina neno." Yule kijana akashukuru. Tukapungiana mikono. "Haina neno" ni maneno tunayoyasema mara kumi kwa siku, kwa jirani anayeazima ngazi, kwa mtoto aliyemwaga chai. Sikujua yana bei.

Kesho yake mume wangu alishuka yadi kuchukua vitu vyake: ndoana, redio ndogo, kofia. Akamwambia mlinzi wa siku zote, "Boti nimeiuza bwana." Mlinzi akamshika mkono akampongeza. Mume wangu akahesabu kwamba yadi imepewa habari. Bili zilizofuata ziliendelea kwenda kwenye anwani ya barua pepe ambayo mwanangu alimfungulia baba yake mwaka 2014, na ambayo nywila yake hakuna aliyekuwa anaikumbuka tena. Alikuwa amezoea kulipa kwa M-Pesa kila mwanzo wa mwezi bila kusubiri bili. Aprili akaacha kulipa, kwa sababu boti si yake. Yadi nayo ikaendelea kuandika, kwa sababu boya bado ni lake. Nambari yangu ilikuwa pembeni ya fomu, mahali pa kuandika mtu wa karibu, na walipomkosa yeye kwa karibu mwaka mzima ndipo walipoitazama.

Usiku ule nilimwekea simu mbele yake baada ya chakula. Alisoma, akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena. Kisha akasema, "Mama watoto, siwezi kulipia kitanda anacholalia mtu mwingine." Nikamwambia kitanda kimeandikwa jina lako. Akasema jina lilibadilishwa, serikali yenyewe inajua. Nikamwambia serikali si yadi. Akainuka akaenda kulala, na kwa siku tatu tulizungumza mambo ya chumvi na mtungi wa gesi tu.

Sikumlaumu kwa kuchelewa kuelewa, na hata sasa simlaumu. Alifanya mambo mawili ambayo wauzaji wengi hawayafanyi: aliandikiana na mnunuzi, na alibadilisha usajili. Wangapi wanauza magari, wanapokea pesa, na jina linabaki lao miezi na miezi mpaka siku gari linapogonga mtu? Yeye alikuwa mwangalifu. Alichokosa ni kuona kwamba boya lilikuwa ahadi ya tatu, iliyosimama peke yake, baina yake na watu ambao hawakukaa kwenye sofa letu siku ile. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo mita ya maji ni ya jina lako. Unaweza kuhama, ukampa mwenzio funguo na baraka zako zote, na maji atakayooga yeye yataandikwa kwako mpaka uende mwenyewe kaunta useme basi.

Aliyetutoa kwenye ule ukimya alikuwa mavyaa wangu. Yeye ni binti wa fundi wa majahazi, kutoka Matondoni kule Lamu, na ana umri ambao hauhitaji tena kupandisha sauti. Alikuwa uani akichambua mchele. Akamwita mwanawe, akamuuliza, "Ulipoiuza boti, amari yako ulikuja nayo?" Mume wangu akamwambia, kamba ya boya niliiacha imefunga boti, mama, ningeifungua boti ingekwenda na maji. Bi mkubwa akatupa kijiwe alichokiokota kwenye mchele. "Baba yangu akiuza chombo hakulala mpaka amari yake iko nyumbani. Alikuwa akisema, kamba yako ikishika, na wewe umeshika."

Asubuhi yake mume wangu alivaa kanzu safi akaniambia, twende Mtwapa.

Ofisi ya yadi ni chumba kimoja chenye feni na kalenda ya maji kujaa na kupwa. Yule mwanamke wa simu ndiye meneja. Alimwamkia mume wangu kwa heshima, akatuletea maji baridi, akatoa faili. Mkataba wa 2014 ulikuwa kurasa mbili. Sahihi ya mume wangu ilikuwepo, ile ya zamani aliyokuwa akiivuta mkia mrefu. Meneja hakutusomea yeye. Aliugeuza mkataba utukabili akaweka kalamu kwenye kifungu. Mwenye kutaka kuacha boya atatoa notisi ya maandishi ya siku 30 ofisini. Kuuza boti hakuvunji mkataba. Mmiliki mpya atafanya mkataba wake mwenyewe. Boti haitaondoka mpaka madeni ya boya lake yamalizwe.

Mume wangu akasema, "Nilimwambia mlinzi." Meneja akamwita mlinzi. Mzee wa watu akaja amevua kofia, akasema kweli tupu: ndiyo, mzee aliniambia ameuza, nami nikampongeza, lakini sikujua kama ni ujumbe wa kupeleka ofisini, nilidhani ananihadithia tu. Nilimtazama mume wangu akimsikiliza. Hakubisha. Watu hawa wawili wamefahamiana miaka tisa, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Kisha tukapelekwa kuiona. Mlinzi mwenyewe alitupigia kasia. Ni hapa nilipoelewa jambo ambalo bili haikuweza kunieleza. Tawakali ilikuwa imeota ndevu za kijani toka mstari wa maji kwenda chini, na ubavuni vilikuwa vimejishika konokono na magamba magumu ya bahari, makali kama wembe. Kinyesi cha ndege kilikuwa kimekauka kwenye viti. Kamba ya boya, kamba ya mume wangu ya buluu, ilikuwa imenenepa kwa majani na uchafu mpaka imekuwa kama mguu wa mtu. Mlinzi akanyanyua kifuniko cha ngama: mle mna dumu la mafuta la lita tano lililokatwa mdomo, la kufulia maji.

Akatueleza. Boti ya wazi ikinyeshewa, maji hukusanyika ngamani. Kuna pampu ndogo ya umeme inayojiwasha yenyewe maji yakipanda, lakini inakula betri, na betri isiyochajiwa hufa. Ile ya Tawakali ilikufa Juni. Ikaja ile mvua ya El Niño ya mwisho wa 2023, iliyofurisha bara na pwani, na kila usiku wa mvua kubwa boti ilikuwa inashuka inchi kwa inchi. Akapiga kasia gizani, akafua kwa dumu, saa nzima, saa mbili. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 32, jalada limelowa likakauka, na ndani yake tarehe 14 kwa mwandiko wa pole pole, kila moja na saa yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Mali yetu, au niseme mali ya yule kijana, haikupotea kwa sababu mlinzi mmoja alikuwa na daftari.

Nikajiuliza, je, kama ingezama? Boti iliyokaa chini ya maji mashine zake si mashine tena, na kuiinua topeni kunataka wazamiaji na mapipa ya hewa. Ingekuwa imezama kwenye boya lililoandikwa jina la mume wangu, angeitwa nani? Zile 7,000 zilikuwa pesa ndogo kuliko zote kwenye ile bili. Nilikuja na hasira ya kumwambia meneja kwamba wametuibia. Niliporudi ufukweni nilimshukuru.

Lakini shukrani hailipi deni la mtu mwingine, na swali lilibaki: kati yetu na mnunuzi, nani alipe?

Mpwa wangu ni karani kwa wakili mmoja mjini Mombasa. Alikuja jioni akatupangia mambo kwa lugha ya watu. Akasema kuna maswali mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni nani anadaiwa na yadi. Hilo halina ubishi: mkataba hufunga waliotia sahihi, na mnunuzi hakutia sahihi ya yadi. Yadi ina haki ya kumdai mjomba, na mjomba hawezi kuionyesha karatasi ya mauziano kama ngao. La pili ni nani anapaswa kubeba mzigo huo baina ya muuzaji na mnunuzi. Hapo ndipo karatasi ya mauziano inapozungumza. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inatazama umiliki ulihama lini, na hasara huhama pamoja na umiliki isipokuwa wenyewe walikubaliana vingine. Boti ilikuwa yake tangu Machi 2023. Kulaza boti yako ni gharama yako.

"Isipokuwa walikubaliana vingine," nikarudia, nikamtazama mume wangu. Akainamisha kichwa. "Nilimwambia haina neno."

Mpwa wangu akasema, kama mtu huyo akikataa kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nilifarijika kujua mlango huo upo. Wanawake wa sokoni wengi ninaowajua wamesamehe pesa zao kwa kuogopa mahakama ya mawakili na miaka. Lakini mume wangu akasema tumpigie kwanza. Mtu aliyekula nyumbani kwako humpeleki mahakamani kabla hujamsikia.

Kijana alikuwa Juba, kwenye kazi ya ujenzi iliyomchukua tangu Mei. Ndiyo maana kusi iliisha na hakuonekana. Alishtuka kwelikweli. "Mzee, mimi nilijua boya limelipiwa mwaka mzima, kwa sababu uliniambia niiache." Mume wangu akamwambia alimaanisha mahali pale ni salama, si kwamba atamlipia. Kimya kirefu, upepo wa simu unasikika. Kisha kijana akasema anakuja nyumbani Pasaka, atashuka Mombasa, tuongee tukiwa tumetazamana.

Pasaka ya mwaka ule iliangukia ndani ya Ramadhani. Alikuja Jumamosi, akakaa nasi barazani akingoja adhana ya magharibi ingawa yeye hafungi, na hakugusa maji mpaka tende ilipozunguka. Nilipika futari kama ya mgeni wa heshima: mihogo ya nazi, tambi, kaimati, samaki wa kupaka. Mavyaa alikataa mazungumzo ya pesa yaanze kabla watu hawajala. Baada ya kula mume wangu akarudi kutoka tarawehe, mpwa wangu akafungua daftari, na tukahesabu.

Mume wangu alizungumza kwanza. Alisema neno "iache mpaka bahari itulie" ni lake, hawezi kulimeza. Kusi inaanza Aprili, na kufikia Septemba bahari imeanza kuwa ya watu. Basi miezi ya kusi, Aprili mpaka Agosti, aichukue yeye, kwa kuwa aliisema kwa mdomo wake hata kama hakuikusudia hivyo. Kuanzia Septemba hakuna neno lake linalomfunga. Kijana akakubali papo hapo, akaongeza kwamba maji yaliyofuliwa yalikuwa ndani ya boti yake, kwa hiyo 7,000 ni zake zote, na kwamba yeye mwenyewe atampa mlinzi kitu chake mkononi.

Miezi mitano kwetu: 49,300. Miezi sita kwake: 59,160, na 7,000, jumla 66,160.

Nilikubaliana nao, na nilikuwa nimekaa pale pale. Lakini nataka niseme wazi kilichonipita moyoni, kwa sababu wanaume wawili wakishikana mikono wanaona jambo limekwisha, na lilikuwa linaanza jikoni. Zamu yangu ya chama ilikuwa mwezi ule. Shilingi 50,000, nilizozingoja tangu Mei ya mwaka uliotangulia, za friji ya kuwekea unga na maziwa ya biashara na nguo za Idd za watoto. Mahamri nauza shilingi 10 moja. Hiyo 49,300 ni mahamri 4,930, kabla sijatoa unga, nazi, iliki na mafuta. Ni alfajiri nyingi sana za kusimama mbele ya karai. Nilizituma kwa yadi siku ya Jumatatu, na ujumbe wa M-Pesa ulipoingia nilikwenda chumbani nikakaa kidogo peke yangu. Mume wangu alinifuata. Hakusema neno. Alikaa kitandani karibu nami mpaka mavyaa alipoita.

Meneja wa yadi alituondolea faini ya kuchelewa, ambayo mkataba ulimruhusu kuidai. Akamwandikia kijana mkataba wake mwenyewe kuanzia Machi 2024, kurasa mbili zilezile, na kijana akausoma mbele yetu kifungu kwa kifungu, kidole kikifuata mstari. Nilipenda kumwona akisoma vile.

Tangu siku hiyo jirani akiniambia anauza boti, au mashua, au hata kihori kilichofungwa kwenye boya la mtu, namwambia maneno yaleyale. Siku ya kupokea pesa, kabla hamjaachana, nendeni ofisini nyote wawili. Muuzaji aandike barua ya kuacha boya, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, nakala moja arudi nayo. Mnunuzi atie sahihi mkataba wake hapohapo. Akiwa hayuko tayari kuiondoa boti, basi kwenye karatasi ya mauziano iandikwe nani analipia mahali mpaka tarehe gani. Mistari miwili inatosha. Na anwani ya kupokea bili iwe ile unayoifungua. Wengine hunisikiliza, wengine husema, aa, yule ni mtu wangu, haina neno. Hapo mimi huwashika mkono na kuwaambia nimelipa shilingi 49,300 kwa maneno hayo mawili.

Barua ya mume wangu aliiandika mwenyewe kwa mkono, wino mweusi, mistari minne. Alishuka nayo Mtwapa siku ya pili baada ya Idd, na nikabaki nyumbani kwa sababu ya biashara. Alirudi adhuhuri. Barua ilikuwa mfuko wa juu, na muhuri wa buluu na tarehe. Begani alikuwa amebeba ile kamba yake. Kijana alikuwa ameifunga Tawakali kwa kamba mpya, na mlinzi amemfungulia mzee kamba yake ya zamani kutoka kwenye boya.

Akaiweka kwenye beseni la kufulia uani ili ilowe iwe laini, apate kukwangua. Mavyaa alikuja akaitazama, akaigusa kwa ncha ya bakora, akarudi kukaa. Baada ya kitambo watoto wakaanza kupiga kelele. Kutoka kwenye manyoya ya ile kamba walikuwa wanatoka kaa wadogo, wadogo kama punje za mahindi, wanapanda ukingo wa beseni, wanaanguka sakafuni, wanakimbia mbavumbavu kuelekea kwenye bomba la maji. Mume wangu alipiga magoti kwa lile goti lake bovu, akawakusanya mmoja mmoja kwenye kopo la maziwa, na jioni, kabla maji hayajapwa, akawarudisha baharini.